Mjadala: Tupige marufuku korosho ghafi kwenda India na Vietnam?

Ndugu zangu, tulijadili hili kabla minada ya Oktoba haijaanza. Kila msimu hoja ni ileile: serikali ipige marufuku kuuza nje korosho ghafi, zibanguliwe hapahapa, ajira zinazokwenda Kollam, India, na Vietnam zibaki Mtwara na Lindi. Mimi ni mtoto wa mkulima wa Newala na hizo ajira nazitaka sana. Marufuku naipinga.

Hesabu ya wanaoitaka siibishii. Gunia la kilo 80 likibanguliwa vizuri linatoa kama kilo 22 za kiini, kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachopakia melini ni maganda. Inauma. Mama yangu alikuwa akichoma korosho kwenye bati lililotobolewa, mafuta ya maganda yakilipuka moto, kisha anakaa kibarazani na jiwe lake, vidole kavipaka majivu, na ngozi bado inababuka. Kiwanda cha kumwondolea adha ile nani asiyekitaka?

Lakini viwanda tulikuwa navyo. Vilijengwa kwa mikopo miaka ya 1970 na 1980, vingi vikafa, vingine vikaishia kuwa maghala ya korosho ghafi. Vilikosa korosho. Mavuno yaliyofika tani 145,000 msimu wa 1973/74 yaliporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia kwenye mikorosho, na bei ilikuwa duni kiasi kwamba hakuna aliyeona sababu ya kupalilia. Mkulima akikatishwa tamaa hagomi barabarani. Anaacha pori limeze shamba.

Tukumbuke pia nguvu tuliyonayo. India, Vietnam na Afrika Magharibi huvuna kuanzia Februari hivi. Sisi tunavuna Oktoba, wakati maghala yao yanakauka, ndiyo maana wanunuzi wao wanagombania mzigo wetu mnadani. Tukiwafukuza, tunabaki na wabanguaji wachache wa ndani wanaotakiwa kununua mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi michache, kwa mikopo ya riba kubwa. Hapo bei itashuka tu, na kangomba, wachuuzi wanaonunua kwa magendo kwa bei ya kutupa, watapita nyumba kwa nyumba.

Ninachotaka mimi ni ushuru tulio nao utumike kukuza ubanguaji. Sheria ya mwaka 2009 iliweka ushuru wa asilimia 15 kwa korosho ghafi zinazosafirishwa, au dola 160 kwa tani, ipi iwe kubwa. Mnunuzi anaupigia hesabu kabla ya kutaja bei mnadani, kwa hiyo anayeulipa hasa ni mkulima. Sehemu kubwa yake ilikuwa ikirudi kwenye zao mpaka mabadiliko ya mwaka 2018 yalipoupeleka wote hazina. Fedha hiyo ndiyo iwakopeshe wabanguaji kwa riba nafuu, washindane mnadani na Wahindi na Wavietnam kwa bei ileile.

Na soko lisilo na wanunuzi hao tulishalionja. Mwaka huohuo wa 2018 serikali ilikataa bei za wafanyabiashara, ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba. Wapo wakulima waliosubiri malipo miezi mingi.

Sasa mnaounga mkono marufuku, nijibuni: viwanda vikiishiwa fedha Desemba, korosho zilizobaki kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika atazinunua nani, na kwa shilingi ngapi kilo?