Mzee ana upasuaji wa ngiri Alhamisi, ameanza kugawa mizinga ya nyuki. Nimsaidieje?

Wakuu, habari. Baba ni mkulima wa tumbaku Urambo, kapangiwa upasuaji wa ngiri hapa Tabora mjini. Daktari kasema akilala siku moja au mbili anaruhusiwa. Ila tangu apewe tarehe, mzee kanyamaza. Usiku halali. Juzi kamwita mdogo wangu, anamwonyesha mizinga ipi ya nani. Nikimwambia asiogope, anajibu, "Nani kaogopa?" Naombeni ushauri, hasa mliowahi kulazwa.

Mtu wa Isevya
Pole mkuu. "Usiogope" haimtoi mtu hofu. Muulize anaogopa nini hasa. Mimi kisu hakikunisumbua, niliogopa kuamka katikati ya kazi. Kumbe ngiri mara nyingi wanachoma ganzi ya mgongo: uko macho, unasikia wanakuvutavuta, maumivu hakuna. Miguu ikakaa saa kadhaa bila kunitii, nikajua nimepooza. Hakuna aliyenitahadharisha.

Nesi Mstaafu
Mtaalamu wa usingizi, yule anayechoma ganzi, aongee na mzee mwenyewe, siyo na wewe huku mzee kakaa pembeni kama mzigo. Hofu ikipandisha presha sana, upasuaji unaweza kuahirishwa, kwa hiyo msiichukulie kama utoto. Kufunga pia: kwa kawaida chakula kinaachwa masaa 6 kabla, maji matupu masaa 2, ila fuateni mlivyoelekezwa wodini. Kuna familia zinamnyima mgonjwa hata maji tangu jioni, anaingia teatre na kiu na hasira. Baadaye, wazee wengine huchanganyikiwa usiku, wakaongea mambo yasiyoeleweka. Kwa wengi hupita, lakini mwite nesi mara moja. Miwani yake iwepo, na mtu anayemzoea.

Kijana wa Nzega
Na ukoo usijazane kitandani na stori za fulani aliyefia teatre. Shangazi zetu tunawajua. Kama mzee anavuta, aache leo, kukohoa na mshono mpya haviendani.

Mleta uzi
Asanteni sana. Nimemuuliza jioni hii, kakaa kimya weee, kisha akasema: binti wa jirani yetu ni nesi wodi hiyo hiyo. Hataki amwone uchi.

Nesi Mstaafu
Hilo linazungumzika kabisa, na siyo yeye wa kwanza. Kamwone nesi kiongozi wa wodi, umwombe mwanaume aliye zamu ndiye amwandae. Teatre wanamfunika shuka, panaachwa wazi panapopasuliwa tu, naye aambiwe hivyo. Nenda kesho mapema, kabla ya raundi ya madaktari.