Mjadala: Manowari zilizozama vitani, wapiga mbizi waruhusiwe au zifungwe?

Mleta mada
Asalaam aleikum wote. Kila msimu wanakuja Unguja wapiga mbizi wazoefu wanaoulizia Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyolala karibu na bandari ya Mji, kina cha mita 40 hivi. Wapo wanaosema pale ni kaburi la vita, pafungwe. Wengine wanasema ni chuma tu, kila mtu aende. Msimamo wangu: paachwe wazi, kwa masharti makali.

Tukumbushane kisa. Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914 Pegasus ilikuwa imetia nanga hapa kwa matengenezo ya mashine, haiwezi kuondoka. Ikatokea Königsberg ya Wajerumani, ikaipiga kutoka mbali, mahali ambapo mizinga ya Pegasus haifiki. Walikufa watu 38. Meli yenyewe haikuzama papo hapo. Majeruhi walitolewa, ndipo baadaye ikapinduka. Makaburi ya mabaharia wake yapo Chapwani, tunakokuita Kisiwa cha Makaburi, na yeyote anaweza kwenda kuyazuru. Mwaka 1955 mabaki yaliuzwa kama chuma chakavu, kwa hiyo kilichobaki chini ni vipande.

Sasa linganisheni na Royal Oak, manowari ya Kiingereza iliyolala kule Scapa Flow, ghuba ya Scotland. Usiku wa tarehe 14 Oktoba 1939 ilipigwa na nyambizi ya Kijerumani, U-47, ikazama ndani ya nusu saa. Walikufa watu zaidi ya 830, wakiwemo vijana zaidi ya 100 ambao hata miaka 18 hawajatimiza, na wengi wamo humo humo hadi leo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 inakataza kuizamia bila kibali, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Ila katika ghuba hiyo hiyo zimo manowari saba kubwa za Kijerumani ambazo Wajerumani wenyewe walizizamisha tarehe 21 Juni 1919. Wapiga mbizi wanazizuru miaka yote, na kuchukua chochote ni kosa. Ghuba moja, hukumu mbili, kwa sababu visa ni viwili. Kwa nini sisi tulazimike kuchagua hukumu moja kwa kila meli?

Mama wa Mkunazini
Mwanangu, umesema vizuri lakini umepita haraka pale pagumu. Hayo masharti nani atayasimamia? Chini kule hakuna askari. Mtu akiona kipande cha shaba akakitia kwenye mfuko wake, ukimpokea juu utampekua? Na usiseme kaburi ni Chapwani tu. Mtu anapouawa kwa mzinga, si kila alichokuwa nacho kinaokotwa kikazikwa. Ndugu zao wapo Uingereza. Sisi tungependa wageni wapige picha palipofia watoto wetu?

Mzamiaji, Nungwi
Shikamoo mama. Nafanya kazi hii, niseme la kiufundi kwanza maana wengi hawalijui. Kwenye mita 40 mgandamizo ni mara tano ya huku juu, na hewa ya mtungi inakwisha kwa kasi hiyo hiyo. Kwa hewa ya kawaida muda wako wa kukaa chini bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda haufiki hata dakika kumi. Naitrojeni inalevya, mtu anacheka peke yake au anasahau kutazama geji. Karibu na bandari maji yana vumbi. Tunasubiri maji mafu, siku za mkondo mdogo, maana siku za bamvua mkondo unakubeba. Piga pezi vibaya mara moja tope linanyanyuka, humwoni mwenzako aliye umbali wa mkono. Kwa hiyo anayesema "kila mtu aende" hajui anachokisema. Mwenye cheti cha juzi simpeleki, hata alipe mara mbili.

Kuhusu kupekua: ndiyo mama, nahodha anaweza kukagua mifuko kabla watu hawajapanda boti. Mgeni anaambiwa tangu nchi kavu, akikataa haendi.

Mkaazi wa Mombasa
Huku mizinga ya Pegasus na Königsberg imewekwa Fort Jesus, watoto wa shule wanaipanda. Mbele ya ngome hiyo hiyo ilizama manowari ya Wareno, Santo António de Tanna, mwaka 1697 wakati wa mazingiwa. Makumbusho ya Kenya na wataalamu wa nje waliichimba kuanzia 1977 hadi 1980, vitu vikaingia makumbusho, gamba la meli likaachwa chini. Mimi nauliza, Pegasus imeshapimwa na kuchorwa namna ile? Kama bado, hilo ndilo litangulie, na wazamiaji wa hapa wafunzwe kulifanya.

Mleta mada
Mkaazi wa Mombasa, hilo nalichukua lote. Mama, nakujibu la usimamizi. Mwaka 2016 wapiga mbizi waliokuwa wakiandaa kumbukumbu ya miaka 75 ya vita vya Bahari ya Java walishuka kuzitazama manowari za Kiholanzi zilizozama Februari 1942. De Ruyter na Java hazikuwepo tena. Chini palikuwa na alama ya shimo tu, chuma chote kimeibwa na wauza chakavu, na mifupa ya watu je? Hakuna aliyekuwa akizitazama mara kwa mara. Ndiyo maana nataka watu wa Nungwi na wa Mji wawe wanashuka pale kila wakati bahari ikiruhusu. Kikikosekana kipande, wao watajua wiki hiyo hiyo.

Mama wa Mkunazini
Basi sehemu ya ada iende kuyatunza makaburi ya Chapwani, na kila anayeshuka apelekwe kule kwanza. Bila hivyo bado nakataa.

Mzamiaji, Nungwi
Boti inaweza kupitia kule. Mimi nakubali.