Nimelipa laki na nusu kozi ya Kiingereza, kila nikiuliza "kwa nini" najibiwa "kariri"

Wakuu salaam. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa kujifunza Kiingereza, mi sijaja kujifunza, nimekuja kutema nyongo.

Mi nipo kwa wakala wa forodha hapa Dar, makaratasi ya mizigo ndo kazi yangu. Kiingereza changu ni cha shule ya kata, msingi Kiswahili mwanzo mwisho halafu form one ghafla baiolojia kizungu, jiografia kizungu, unameza tu ukatapike kwenye mtihani. Nikawa nasukuma nacho hivo hivo mpaka akaja bosi mgeni ambaye Kiswahili chake kinaishia "mambo" na "poa". Siku hiyo kanipigia, "You haven't sent the documents?" na mimi kwa adabu zote "Yes boss". Kichwani kwangu nimemwambia ndiyo bosi, ni kweli, sijatuma. Yeye kaelewa nimeshatuma. Kontena likalala siku tatu storeji inahesabu, yeye anasubiri mzigo na mimi nasubiri yeye aniambie nitume, siku ya nne kilichonikuta niacheni tu.

Ndo nikaenda kozi ya jioni. Laki na nusu, keshi, miezi mitatu. Swali langu la kwanza likawa hilo hilo, nikajibiwa "kwenye Kiingereza hapo tunasema No, kariri". Darasa likacheka, tukahamia ukurasa mwingine.

Kumbe jambo lenyewe la dakika mbili! Sisi mtu akikuuliza "hujala?" unamjibu "ndio, sijala", ndio yetu inakubaliana na maneno ya aliyeuliza. Mzungu hajali umeulizwaje, anaangalia kitu kimefanyika au hakijafanyika, hakijafanyika basi ni No, "No, I haven't". Yameisha. Angeniambia hivo ningemnunulia soda.

Haya njoo kwenye a na an. Ukiandika "an university" anakukata, ukiandika "a hour" anakukata, na ubaoni kaandika kwa mkono wake kwamba a e i o u zinaenda na an. Sasa university si inaanza na u jamani? "Hiyo ni eksepsheni, kariri." Eksepsheni gani bana! Ni sauti sio herufi. University mdomoni inaanza na yu kama ya yule, hour h yake imekufa unasikia "awa". Ndo maana wanasema "an SMS", s sio irabu ila ukiitaja inaanza na e. Hili kanielekeza dogo wa form two hapo nyumbani, bure, huku anakula ubwabwa.

Ila lililonichefua zaidi ni matamshi. Mi mtu wa bara, "this" yangu inatoka "zis" na "think" inatoka "sink", akawa ananisimamisha ananiigiza watu wafurahi. Wiki nzima weka ulimi katikati ya meno, weka ulimi, tunatemeana mate tu mle ndani. Hata siku moja hajasema jamani hizi sauti mnazo, ya think ni ile ya thelathini na thamani, ya this ni ile ya dhahabu na dhambi. Kuna mama mmoja wa Tanga mle darasani anazitoa safi kuliko ticha mwenyewe na hakuna aliyemuuliza anafanyaje. Ship na sheep, live na leave, tunaimba wimbo mmoja maana irabu zetu tano na zao zinakaribia 20, hilo nalo hatukuambiwa. Mpaka leo nikitaja "sheet" ya Excel ofisini watu wanainama.

Sasa sikieni ya risiti. Neno "receipt" nililisoma kwa sauti "risipti", nikasimamishwa kama mwizi. P haitamkwi. Sawa mkuu, imewekwa ya nini? "Kariri." Nikakesha YouTube kwa bando langu, kumbe neno lilitoka Kifaransa bila hiyo p, baadaye wasomi wa Kiingereza wakaichomeka ili lifanane na Kilatini. Debt hivo hivo, b imechomekwa kwa ajili ya debitum ya Kilatini. Halafu deceit ambayo ni ndugu yake kabisa na receipt wakaiacha bila p! Yaani wavuruge wao, fimbo nichapwe mimi. Sisi tulivyolichukua tukaandika risiti kama tunavyoisikia, hakuna mtoto wa la pili anayelia kwa ajili yake.

Na risiti yenyewe waliyonipa pale imepigwa muhuri "Thank's for your payment". THANK'S. Na hako kaapostrofi hapo juu kametulia kabisa. Wiki iliyofuata ticha kanikata maksi eti nimeandika "it's tail" wakati ni "its", na kweli nilikosea, it's ni it is iliyofupishwa, its ni -ake, mkia wake. Nakubali. Lakini nilipotoa risiti mfukoni nikamwekea mezani kuuliza na hii je, kaniambia "hiyo ni ya mhasibu".

Nimedai hela yangu, wamenionesha chini ya fomu pameandikwa "No refund". Hiyo wameipatia, hakuna hata herufi moja imekosewa.

Juzi dada wa mapokezi kanipigia kaniuliza kwa kizungu, "So you are not coming back?" Nikamjibu "No" nikakata simu. Sasa sijui kaelewa siendi au kaelewa naenda, maana na yeye Mbongo kama mimi.