Dodoso langu linawapoteza wanawake ninaotaka kuwasikia

Mtafiti wa Ujiji: Ndugu zangu, ninaandika tasnifu kuhusu wanawake wa Kikongo waliopitia vikundi vyenye silaha wakiwa wasichana, na ambao sasa wanaishi kambini Nyarugusu, wilayani Kasulu. Vibali vyote ninavyo. Kinachonikwamisha ni dodoso. Swali la nne linauliza, “Je, uliwahi kuwa askari?” na wote tisa niliowajaribu walijibu hapana. Mmoja wao, baada ya kukana, aliendelea kuchambua maharage kwenye ungo na kunisimulia jinsi alivyobeba sufuria na unga wa kamanda milimani kwa miaka miwili. Nimwandike wapi?

Mama Neema, Kibondo: Mdogo wangu, huyo hakukudanganya, kwani kwake askari ni mwenye bunduki. Kanuni za Paris za 2007, yaani mwongozo wa kimataifa kuhusu watoto waliotumiwa vitani, zilikwisha kulimaliza jambo hili: mtoto aliyehusishwa na kikundi chenye silaha ni pamoja na mpishi, mpagazi, mjumbe, mpelelezi na aliyechukuliwa kwa ajili ya ngono. Kosa lako ni lile lile lililofanyika Sierra Leone, ambako wasichana wengi walikosa msaada wa mpango wa kupokonya silaha uliokamilika 2002, kwa kuwa waliofika waliulizwa bunduki, na bunduki ilikuwa mikononi mwa mwanamume. Lifute swali la nne. Uliza kazi: nani alipika, nani aliteka maji, siku ilianzaje.

Mstaafu wa Tabora: Ninakubaliana na Mama Neema, ila naona mnahangaika na karatasi wakati hatari iko mlangoni. Ukienda nyumba hiyo hiyo mara tatu na daftari lako, jirani atauliza kwa nini yeye hakufuatwa, na kufikia jioni mtaa mzima utakuwa na jibu lake. Mwanamke huyo huenda amemwambia mumewe kwamba mtoto wa kwanza ni wa marehemu. Utafiti shirikishi uliofanywa na mtafiti Susan McKay na wenzake Liberia, Sierra Leone na kaskazini mwa Uganda uliwaweka pamoja akina mama wenye umri mdogo waliotoka vitani na wengine wenye dhiki ambao hawakwenda, na wao wenyewe wakaamua la kufanya. Katika kundi la namna hiyo, kuonekana hakumfichui mtu.

Mtafiti wa Ujiji: Shikamoo, mzee, na ahsante. Nitawachanganya na wengine. Na mkalimani je? Wengi ni Wabembe kutoka Fizi, mashariki mwa Kongo, na wanapochoka hukiacha Kiswahili. Nimempata kijana mzuri, wa mtaa wao huo huo.

Mama Neema, Kibondo: Huyo usimchukue. Kwanza ni mwanamume. Pili, wa mtaa huo anaweza kuwa binamu wa yule yule aliyemteka. Tafuta mwanamke wa mtaa wa mbali, na kabla ya kuanza umwache mhojiwa amkatae bila kutoa sababu.

Mstaafu wa Tabora: Marahaba. Ongeza swali moja kuhusu shule. Ripoti ya 2017 iliyotokana na mahojiano na wasichana wa mashariki mwa Kongo ilionyesha kwamba wengi walitamani kurudi darasani, kwa kuwa msichana mwenye sare huanza kuitwa mwanafunzi, na majina ya porini hupungua. Nyarugusu pana wangapi waliopita njia hiyo wakiwa tayari na mtoto mgongoni? Hilo ningependa kulisoma katika tasnifu yako.