Habari za Goma zinaninyima usingizi na siwezi kuziacha. Nifanyeje?

Kivuko_KGM:
Wakuu, salaam. Nipo Kigoma, ndugu wengi wako Goma na Bukavu. Tangu waasi wa M23 waingie Goma mwishoni mwa Januari 2025, simu haishuki mkononi: magrupu matatu ya ukoo, TikTok, X, Facebook. Usiku naamka kuchungulia, moyo unakwenda mbio, mchana kazi haziendi. Kila ninayemuuliza ananiambia nizime data. Je, nikizima halafu jambo likatokea? Naombeni mbinu za mtu asiyeweza kujitoa kabisa.

Mjanja wa Ujiji:
Futa zote mkuu. Habari kubwa itakufikia tu, hata sokoni.

NesiWaZamu:
Mjanja, kwa mtu mwenye ndugu vitani hilo halidumu. Wasiwasi unapanda, siku ya pili au ya tatu programu zinarudishwa, na anasoma kwa pupa kuliko mwanzo.

Kaka Kivuko, kinachokutesa ni mzunguko wa kuhakikisha. Ukichungulia simu unapata ahueni ya dakika chache, ubongo unazoea kuitafuta ahueni hapo hapo, na mara inayofuata hamu inakuja mapema zaidi. Wingi nao una madhara yake. Baada ya mabomu ya mbio za Boston, Marekani, Aprili 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walikuta kwamba waliofuatilia habari zake kwa muda wa saa 6 au zaidi kila siku katika wiki ya kwanza walieleza dalili kali zaidi za msongo kuliko watu waliokuwapo kwenye tukio lenyewe.

Unachanganya maswali mawili: "ndugu zangu wazima?" na "vita vimefika wapi?" La kwanza hujibiwa na mtu, mtandao hauwezi. Chagua ndugu mmoja aliye kule, mpange nyakati mbili za kutumiana ujumbe, neno "wazima" linatosha. Angalia majira: saa 1 asubuhi ya Goma ni saa 2 ya Kigoma. Wengi wanahangaika saa nzima bure kwa kusahau hilo. Kisha mkubaliane ukimya utahesabiwaje. Siku zile umeme na intaneti vilikatika Goma, kwa hiyo simu kutopatikana haikuwa habari ya mtu, ilikuwa habari ya mnara. Kanuni iwe hivi: nyakati mbili mfululizo zikipita kimya, unampigia mtu wa pili mliyemtaja tangu mwanzo. Kabla ya hapo huingii mtandaoni kutafuta dalili.

Swali la pili lipe dakika 20 mchana na dakika 20 jioni, ukiwa umekaa kitini, usiwe kitandani, na ya jioni iishe saa mbili kabla ya kulala. Pendelea maandishi au redio. Radio Okapi wanatangaza kwa Kiswahili pia. Taarifa ya redio ina mwisho, TikTok haina, na kwenye redio huoneshwi maiti.

FundiSimu:
Naongeza upande wa simu, maana nia peke yake haishindi arifa.

WhatsApp: magrupu yote matatu yanyamazishe kwa "daima", kisha yaweke kwenye kumbukumbu (Archive) ili yatoke kwenye orodha ya juu. Mtu akikutaja kwa @ au akijibu ujumbe wako, bado arifa inaweza kuja. Itumie hiyo kama kengele: waambie wasikutaje ila jambo liwe la familia. Halafu ingia Mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, ondoa tiki zote za kupakua picha na video zenyewe. Hapa ndipo watu wanapokosea: wananyamazisha grupu, lakini video za damu zinaendelea kujishusha na kuwasubiri kwenye picha za simu.

Ujumbe wenye mishale miwili umeshapita mikono mingi, usiufungue usiku. Kumbuka pia M23 waliwahi kuiteka Goma Novemba 2012, kwa hiyo video ya zamani inaweza kupita kama ya leo. Piga picha ya skrini uipitishe kwenye Google Lens kabla hujampigia mtu ukilia.

X na Facebook: zima video kujicheza zenyewe. TikTok itoe kabisa, haina namna ya kusomwa kwa maandishi.

Usiku washa "Usinisumbue", ruhusu namba za wale ndugu wawili tu. Washa pia wapigaji wanaorudia: mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15 kwenye Android, au dakika 3 kwenye iPhone, simu inalia. Hivyo hata jirani asiye na salio la kutosha akikubipu mara mbili, utaamka. Simu za WhatsApp hazifuati utaratibu huu kwenye kila simu, kwa hiyo mwombe ndugu akupigie kwa majaribio mchana kabla hujautegemea.

Kivuko_KGM:
Asanteni sana. Kikomo cha muda nilishaweka kwenye Facebook, kikifika naingia mipangilio nakiondoa. Na ule moyo kwenda mbio saa nane usiku?

NesiWaZamu:
Vuta pumzi puani ukihesabu 4, itoe taratibu ukihesabu 6, kwa dakika 5. Usivute kwa nguvu: hewa ikizidi utapata kizunguzungu na ganzi vidoleni, halafu utadhani unakufa. Usingizi usiporudi baada ya kama dakika 20, ondoka kitandani ukae pengine kwenye mwanga hafifu. Kahawa iishie mchana.

Ukienda kituo cha afya, uliza dodoso la kupima wasiwasi liitwalo GAD-7. Ni maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Jumla ikiwa 10 au zaidi, omba kuonana na mtu wa afya ya akili. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au taya, au mawazo ya kujidhuru, usihesabu alama, nenda saa hiyo hiyo.

FundiSimu:
Kikomo unakivuka kwa sababu ufunguo unao wewe. Iondoe programu ya Facebook, ingia kwa kivinjari na utoke kwenye akaunti kila ukimaliza, usikubali neno la siri lihifadhiwe. Neno lenyewe liandike kwenye karatasi, mkabidhi shemeji. Na chaja ikae sebuleni. Sauti ya juu, mlango wazi, ukibipiwa utasikia.