Hizi app za muziki zinamuua Beethoven na hela yetu wanaila kila mwezi!!

Wakuu naandika nikiwa na hasira kwelikweli, na mods naomba msiuunganishe huu uzi na ile ya bongo fleva, hili ni jambo jingine kabisa.

Sisi tunaosikiliza klasiki majumbani, ile miziki ya okestra na piano ya watunzi wa zamani wa Ulaya kama Beethoven na Bach, tunalipia kama wengine, hela inakatwa kila mwezi haichelewi hata siku moja, halafu tunachopewa ni uchafu. Chukua Simfoni namba 5 ya Beethoven, kazi ndefu ya okestra yenye sehemu nne, ile ya kondakta Carlos Kleiber na okestra ya Vienna Philharmonic waliyorekodi 1974. Wanaoijua wanajua sehemu ya tatu haina mwisho wake yenyewe, inashuka inashuka mpaka inabaki timpani, zile ngoma kubwa za okestra, inagonga chinichini, violini zinaanza kupanda juu yake taratibu, presha inajaa, halafu bila hata kupumua okestra nzima inalipuka ndani ya sehemu ya nne na tromboni, yale matarumbeta makubwa ya kuvuta, zinaingia. Tromboni hizo zimekaa kimya sehemu tatu nzima zikisubiri hapo! Sasa app inafanyaje, pale pale kwenye mlipuko inakata, kimyaa, ndio faili la pili linaanza. Ni sawa na kumpokonya mtu sahani ndio kwanza kanawa mikono. Na rafiki yangu asiyelipia ndio anawekewa tangazo la bando hapo hapo katikati.

CD zimeingia sokoni 1982 na zinapita hapo bila kukata, sasa leo eti haiwezekani???

Halafu kuna ile seting ya kusawazisha sauti, kwenye simu yangu nimeikuta imeshawashwa bila mimi kuulizwa. Kazi yake ni kupandisha faili lenye sauti ndogo na kushusha lenye sauti kubwa ili zilingane. Kwa nyimbo za redioni sawa, ila huku kwetu udogo wa sauti ndio muziki wenyewe jamani, ukiipandisha sehemu ya tatu na kuishusha ya nne ule mlipuko unabaki hadithi. Nendeni mkaizime sasa hivi.

Kinachonipandisha presha zaidi ni majina. Mimi raha yangu ni kulinganisha, naweka huyu naweka yule, mfano Kleiber kwenye sehemu ya nne anarudia ule mwanzo kama ilivyoandikwa, Karajan, kondakta mwingine, na okestra ya Berlin Philharmonic 1962 harudii anaunganisha moja kwa moja, hivyo sehemu ya nne ya Kleiber unakuta imezidi karibu dakika mbili na unaisikia tofauti kabisa. Sasa tafuta Karajan uone, jamaa karekodi simfoni zote 9 na Berlin mara tatu, miaka ya 60, ya 70 na ya 80, kwenye app zinakuja zimerundikana zote zimeandikwa Beethoven tu, na mwaka wanaoweka ni wa toleo jipya, sio mwaka ambao watu walikaa studio wakapiga. Utajuaje unasikiliza ipi?

Mpiga piano Glenn Gould pia wamemfanyia hivyo hivyo. Goldberg Variations za Bach, vipande vifupi vingi vinavyofuatana, kazirekodi 1955 akiwa kijana wa miaka 22, halafu akazirudia 1981 mwaka mmoja kabla hajafariki. Ile Aria, kipande cha kufungulia, 1955 haifiki dakika mbili, 1981 inapita dakika tatu, piano inatembea polepole na unamsikia mwenyewe anaguna kwa chini anaimba huku anapiga. Ni watu wawili tofauti wale! Mimi nimeweka ya 1981, ikafika katikati app ikanirushia vipande vya 1955 kwa sababu jina limefanana.

Nimewaandikia huduma kwa wateja nikaeleza kila kitu, jibu lao nifute app niipakue upya. Nikafanya. Hakuna kilichobadilika, nikawaandikia tena wakanyamaza.

Na asije mtu hapa kuniambia hiyo miziki ya wazungu achana nayo, hela nayolipa ni ile ile unayolipa wewe.

Mwezi huu silipi. Mwenye CD za Karajan za 1962 au Gould ya 1981 anauza, Dar au Nairobi popote, aje PM na bei, CD pleya ninayo.