Demokrasia ya Athens na hii ya uchaguzi: ni kitu kimoja kweli?

Nahodha77:
Wakuu, naombeni msaada. Kila kitabu cha historia ninachofungua kinasema nchi za Magharibi zilirithi demokrasia kutoka Athens ya kale. Juzi nimesoma kwamba Athens yenyewe haikuwapata viongozi wake wengi kwa uchaguzi. Sasa ilirithisha nini? Kwamba watumwa, wanawake na wageni walifungiwa nje, hilo nalijua. Nataka kuelewa utaratibu ulivyokwenda.

Binti Kalamu:
Kaka Nahodha, hili limenishughulisha miaka mingi. Anza na neno letu wenyewe, kura. Katika Biblia, mitume walipotafuta mtu wa kushika nafasi ya Yuda, walipiga kura ikamwangukia Mathiya. Hakuna aliyehesabu wafuasi wake. Hiyo ndiyo kura ya Athens! Sisi tunatumia neno lilelile kwa uchaguzi, ndiyo maana mambo haya mawili yanatuchanganya.

Mwaka 508 KK Cleisthenes, mwanamageuzi wa Athens, aliwapanga upya raia katika makabila 10. Baraza la watu 500, hamsini kutoka kila kabila, likaja kujazwa kwa bahati nasibu kila mwaka, na mtu hakuruhusiwa kuingia zaidi ya mara mbili maishani.

Chombo chao cha kupigia kura nimekiona kwa macho yangu, katika makumbusho ya Agora, uwanja wa kale wa soko na mikutano, pale Athens. Kinaitwa kleroterio. Ni bamba la marumaru lenye safu za tundu nyembamba, kila tundu la kuchomekea kibao chenye jina la raia. Ubavuni ulipita mrija. Walimimina humo gololi nyeupe na nyeusi zikiwa zimechanganywa, kisha wakaziachia moja moja. Ikitoka nyeupe, safu nzima ya majina inaingia kazini mahakamani siku hiyo. Ikitoka nyeusi, safu nzima inarudi nyumbani. Tajiri hana pa kupenyeza mkono.

Vibao vyenyewe, katika karne ya 4 KK, vingi vilikuwa vya shaba nyeusi. Vingine vimefutwa jina la kwanza na kuchorwa la mtu mwingine. Na baadhi vimekutwa makaburini: mtu alizikwa na kibao chake cha kura. Nilipolijua hilo nilikaa kimya muda mrefu.

Aristotle aliandika wazi kwamba kugawa vyeo kwa kura huhesabiwa kuwa ni demokrasia, na kuvigawa kwa uchaguzi ni utawala wa wachache. Maana uchaguzi humpendelea mwenye jina, mwenye mali na mwenye ulimi.

Mtafiti Huru:
Dada, usiwanyime Magharibi haki yao. Mahakama za Uingereza na Marekani hadi leo huchota majina ya wazee wa baraza (jury), raia wanaoamua kesi, kwa bahati nasibu. Huo si urithi wa Athens?

Binti Kalamu:
Mkuu, zinafanana, lakini mzizi wa baraza lile la wazee uko Uingereza ya zama za kati. Athens haikuwa na hakimu wa kuwaongoza wazee. Socrates mwaka 399 KK alihukumiwa na raia wapatao 500, waliosikiliza pande mbili wakapiga kura ya hukumu siku hiyohiyo bila kushauriana.

Hata waasisi wa Marekani hawakudai kuiga Athens. James Madison mwaka 1787 aliandika kwamba demokrasia ya raia kukutana wenyewe huzaa vurugu, akataka jamhuri ya wawakilishi. Seneti waliitoa Roma. Tena maandishi yanayoeleza kwa undani jinsi kura ya bahati nasibu ilivyopigwa mahakamani Athens yalikuwa yamepotea. Yalipatikana Misri kwenye mafunjo na kuchapishwa mwaka 1891.

Ukitaka kuiona Athens yenyewe, tazama Ireland. Mwaka 2016 walichota raia 99 kwa bahati nasibu, wakawapa mwenyekiti, na pendekezo lao kuhusu sheria ya utoaji mimba lilipelekwa kwa wananchi wote Mei 2018. Likapita. Mimi naiona hiyo kuwa karibu zaidi na kleroterio kuliko bunge lolote.

Nahodha77:
Asante sana dada, nimeelewa. Swali la mwisho: hata majemadari waliachiwa gololi?

Binti Kalamu:
Hapana. Majemadari 10 walichaguliwa kila mwaka kwa kunyoosha mikono, na mtu aliweza kurudi mara nyingi. Ndivyo Pericles, kiongozi mashuhuri wa Athens, alivyodumu. Watunza fedha za jeshi pia walichaguliwa hivyo. Na yuko mwingine mmoja ambaye hawakuthubutu kumpata kwa bahati nasibu: msimamizi wa chemchemi za maji.